Shangazi, kila nikiandika mapenzi anatokea komando

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 44, naishi Ngamiani hapa Tanga. Naandika simulizi za mapenzi. Naziandika kwenye simu usiku, watoto wakishalala, na naziuza kwa sehemu katika makundi ya WhatsApp. Sehemu tano za mwanzo msomaji anasoma bure. Akitaka zilizobaki ananitumia shilingi 1,000, namwingiza kwenye kundi la waliolipia. Si pesa nyingi, ila ada ya mtoto wangu wa pili imetoka humo, na bati la jiko pia limetoka humo.

Nimeshaandika simulizi tisa. Katika zote tisa, Shangazi, mwanamume ni mwanajeshi. Tena si mlinzi wa getini, ni komando, mtu wa kikosi maalumu, anayeshushwa usiku kwa kamba na kurudi alfajiri bila mtu kujua alikuwa wapi. Wa kwanza alikuwa kapteni, wa pili meja, wa tatu sajini, na hivyo hivyo mpaka wa tisa. Mwezi uliopita msomaji mmoja akaniandikia mbele ya wote: "Dada, kwani wanaume wengine wameisha?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini neno lile lilinikaa.

Nikasema basi, sasa namwandika mwalimu. Mwalimu wa hesabu, mpole, ana baiskeli, anaishi Pongwe. Nilifika sehemu ya tatu nikakwama. Kila siku saa kumi jioni alikuwa ameshafika nyumbani. Sikujua nimfanyie nini.

Lililonifanya nikuandikie ni mume wangu. Yeye alikuwa dereva wa masafa marefu kwa miaka 13. Akipakia hapa Tanga, anatoka Segera, Chalinze, Mbeya, Tunduma, anavuka Zambia mpaka Kongo. Mwezi mzima, mara nyingine mwezi na nusu. Mwaka 2020 mgongo ukakataa, daktari akamwambia pingili zimelika, aache usukani. Tukafungua duka la rejareja chumba cha mbele. Ni mtu mwema. Halewi, hanipigi, na asubuhi anakoroga uji wa watoto kwa mkono wake. Mimi nilianza kuandika mwaka uliofuata.

Natumia jina la bandia. Lakini wifi yangu alikuwa kwenye kundi, akaisoma simulizi ya sita, akaijua baraza yetu kwa lile benchi la mguu uliofungwa waya. Akamwonyesha kaka yake. Mume wangu akasoma simulizi mbili nzima akiwa dukani, usiku wa pili akaniuliza, "Mama Rehema, huyu mwanajeshi ulimjulia wapi?"

Shangazi, naapa sina mwanajeshi niliyewahi kumjua. Nimewaona kwenye gwaride la Desemba 9 kwenye televisheni, wakivunja matofali kwa kichwa, basi. Mengine nayasoma kwenye intaneti. Nimesoma habari za SEAL, makomandoo wa jeshi la majini la Marekani, walioundwa mwaka 1962, wanavyofunzwa Coronado kule California. Wana wiki wanayoiita ya jehanamu: siku tano na nusu kwenye maji baridi na mchanga, na usingizi wote wa siku hizo ukijumlishwa haufiki saa nne. Uwanjani kuna kengele. Aliyeshindwa anaigonga mara tatu, anaacha kofia yake chini, anakwenda zake, hakuna anayemzuia. Hiyo kengele siisahau. Nimesoma pia habari za SAS, kikosi maalumu cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1941 kwa ajili ya vita vya jangwani Afrika Kaskazini. Nazisoma hizo kama wenzangu wanavyosoma mapishi.

Nilimweleza yote hayo. Akajibu, "Mwanamke haandiki mara tisa mtu asiyemjua." Tangu siku hiyo anasema nami kama na mteja. Chakula cha jioni anakula dukani.

Na jambo jingine nikuambie, labda litakusaidia. Vita vyenyewe huwa naviandika kwa aya mbili, nimemaliza. Ninapokesha ni pale mwanamke anapongoja. Hapo naweza kuandika mpaka adhana ya alfajiri. Katika simulizi ya tano mtoto anashikwa na degedege usiku, baba yuko msituni, hakuna mawasiliano, na wasomaji walinipigia simu wakilia. Ile niliijua. Mwanangu wa mwisho alishikwa na degedege mwaka 2014, baba yake amekwama Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, simu haipatikani siku nane.

Kwa nini siwezi kumwandika mwanamume mwingine? Na nifanye nini na mume wangu?

Mama Rehema, Ngamiani

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na mumeo, maana mtu anakula dukani na hilo lisilale. Usimwapie tena. Umeshamwapia na hakikusaidia kitu. Mpe simu yako, mwonyeshe kurasa ulizosoma, hiyo ya Coronado, hiyo ya kengele, aone kwa macho yake kwamba kapteni wako ametoka humo. Hilo litamwondoa mwanamume wa kufikirika kichwani mwake. Lakini halitatosha, na ukitaka tuseme kweli, mumeo ameuliza swali lisilo lenyewe ila amenusa kitu kilicho chenyewe. Mtu unamjua. Tutamfikia.

Kwanza nikutoe hofu kuhusu kalamu yako. Huna ugonjwa. Kule Marekani, tangu miaka ya 1990, wapo waandishi wa mapenzi waliojaza rafu nzima kwa makomandoo, kitabu baada ya kitabu, na wasomaji wao hawajachoka. Sababu nyingine ni za ufundi tu. Kikosi kina watu wanane au kumi, kwa hiyo ukimwoza mmoja leo, kesho msomaji anadai habari za rafiki yake. Halafu komando anakuja na hatari yake mkononi. Mwandishi wa mapenzi ana kazi moja ngumu, kuwatenganisha wawili wanaopendana kwa kurasa mia mbili bila kuwafanya wapumbavu. Wengi wetu huishia kwenye barua iliyopotea au shoga mchonganishi. Ukiwa na komando, saa nane usiku simu inalia, anavaa viatu, anaondoka. Hakuna aliyekosea, na wawili wameshatengana.

Hata sisi wenyewe pwani hatukungoja Wamarekani watufundishe kumpenda shujaa. Fumo Liyongo ni wetu. Mpiga upinde, mrefu, mwenye nguvu, na juu ya hayo mshairi. Alipofungwa gerezani aliyemtoa ni mama yake, kwa tupa ya kukatia minyororo aliyoificha ndani ya mkate wa wishwa. Mikate mizuri walinzi waliila, huo wa wishwa wakamwachia mfungwa, na kijakazi Saada ndiye aliyekuwa akiubeba njiani. Nataka uukumbuke mkate huo, kwa sababu wanawake wako wewe wanangoja tu. Hawapiki mkate wenye tupa. Hilo ni la kalamu, sitalirudia.

Sasa kengele. Umesema huisahau, nami nimejiuliza kwa nini, maana katika barua nzima hapo ndipo ulipopumua. Kifua cha komando, bunduki yake, kamba anazoshukia, hayo umeyapita mbio. Umesimama penye kengele. Usiku wa tatu mtu anatetemeka, chombo cha kumtoa pale kiko hatua ishirini, haadhibiwi akikigonga, na hakigongi. Msomaji wako anapoambiwa tu kwamba huyu ni mtu wa kikosi hicho, ameshahakikishiwa kitu ambacho mwalimu wa Pongwe atahitaji sura ishirini kukithibitisha: huyu haondoki. Au tuseme anaondoka sana, lakini hamwachi mtu.

Hapo ndipo ninapotaka ukae nami kidogo.

Vita vya Kagera vilipoanza, Oktoba 1978, mimi nilikuwa darasa la sita, tukikaa Chumbageni. Jirani yetu mumewe alikuwa askari, akaondoka na wenzake. Yule mama aliyajua majina ya Mutukula na Masaka kule Uganda kabla hajawahi kufika Korogwe, kwa sababu kila taarifa ya habari ya saa mbili usiku aliielekeza redio dirishani, na sote tukakaa chini ya dirisha lake. Bombani ndoo yake ilitangulizwa. Sukari ilipokuwa ya kutafutwa kwa tochi, mwenye duka alimwekea nusu kilo bila kuulizwa. Kampala ilipotekwa Aprili 11, 1979, wanawake walikwenda kumpigia vigelegele yeye, kana kwamba ameiteka mwenyewe. Mumewe alikaa miezi bila barua, na hakuna hata mmoja mtaani aliyesema, "Mbona haandiki?" Yuko vitani. Limekwisha.

Wewe uliambiwa nini miaka 13? Sikuuliza, najua. Mke wa dereva anaambiwa, "Usimpigie pigie, dereva hachunguzwi." Anaambiwa, "Leo sijui anakula kwa nani Tunduma," kwa sauti ya mzaha, bombani pale pale ambapo mwenzio alitangulizwa ndoo. Mwezi ule ule, usiku ule ule, mto ule ule baridi upande wa pili, lakini kungoja kwa yule mama kulikuwa heshima na kwako kulikuwa aibu ndogo ya kila siku. Na juu ya aibu, kulikuwa na swali ambalo mke wa askari hana: je, hapatikani kwa kuwa hawezi, au kwa kuwa hataki?

Komando wako amekuja kulifuta swali hilo. Yuko msituni, amekatazwa kushika simu, akipiga wenzake wanakufa. Kimya chake kina sababu ambayo hakuna mke anayeweza kuilaumu. Sijazisoma simulizi zako, kwa hiyo nakuuliza wewe: katika tisa, yupo hata mmoja aliyenyamaza kwa kupenda mwenyewe? Yupo aliyeweza kupiga na hakupiga? Nadhani hayupo. Umeichukua ile miaka 13 na kuiandika upya mara tisa, na kila mara umempa mwanamume udhuru kamili. Mwanangu, hiyo ni kazi ya upendo. Siichukulii kama jambo dogo. Lakini ni kazi ya mtu mwenye hasira pia, na hasira hiyo hujapata pa kuiweka, kwa sababu mtu mwenyewe ni mwema na anakoroga uji.

Tazama na tarehe ulizonipa. Ameacha usukani mwaka 2020, wewe umeanza kuandika mwaka uliofuata. Alipokuwa njiani hukuandika hata sehemu moja. Ukweli ninaouona ni kwamba unamkumbuka. Unamkumbuka mtu aliye chumba cha mbele, hatua sita kutoka jikoni kwako. Miaka 13 mapenzi yenu yalikuwa na mwendo wake: kufunga mizigo, kimya, wasiwasi, honi ya semi barabarani, wali wa nazi, siku nne za fungate, kisha tena. Mji wetu wenyewe unaitwa wa waja leo, waondoka leo. Sasa amekuja na haondoki, na hakuna aliyekufundisha kumpenda mtu wa kila siku. Ndiyo maana mwalimu alikushinda. Ulisema mwenyewe, saa kumi jioni ameshafika nyumbani, hujui umfanyie nini.

Usione haya kwa hilo. Wake wa mabaharia walilijua kabla yako, na nadhani hata yule jirani yetu wa Chumbageni. Mumewe aliporudi tulidhani hadithi imeisha. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka dirisha lile lilifungwa na redio haikusikika tena, na yeye akaanza kukaa bombani muda mrefu kuliko maji yalivyohitaji.

Kwa hiyo mtu ambaye mumeo amemnusa ni yeye mwenyewe, yule aliyekuwa barabarani. Anamwonea wivu kijana wa miaka 30 na kitu aliyekuwa akitoka Segera usiku. Inauma zaidi kuliko angekuwa mwanajeshi wa kweli, kwa sababu yule kijana hawezi kurudi, mgongo umekataa. Mwambie hivyo. Mwambie kwa maneno yako, polepole, na usimwambie mbele ya wifi.

Kisha kuna zile siku nane. Hapa nitakuwa mkali kidogo, maana hapa ndipo kidonda kilipo na wote wawili mnapita pembeni yake. Mtoto wako alishikwa na degedege, ulikuwa peke yako, na mumeo hakupatikana. Simulizi ya tano umempa udhuru wa msitu. Je, yeye amewahi kukuambia udhuru wake mwenyewe? Kasumbalesa foleni ya malori inajulikana, madereva hukaa siku na siku, simu huzima, vocha za nchi nyingine ni taabu. Inawezekana ilikuwa hivyo. Inawezekana haikuwa hivyo. Hujui, na miaka yote hii badala ya kumuuliza umekuwa ukimjibia.

Muulize. Usimuulize kama hakimu. Mwambie, "Usiku ule mtoto anaumwa, nilikupigia mpaka chaji ikaisha. Ulikuwa wapi?" Kisha nyamaza. Wewe ni mwandishi, utataka kumpa maneno. Usimpe. Jibu likiwa la foleni na simu iliyozima, utalia na mtakula pamoja. Jibu likiwa jingine, litauma, na siwezi kukuahidi kwamba halitakuwa jingine. Lakini hilo nalo ni la ndani ya nyumba yenu, mtu yupo, mnaweza kuligombania uso kwa uso. Ukiona limekuzidi, tafuta mtu mzima wa upande wako mnayemheshimu wote wawili, na niandikie pia.

Nakuomba na kitu kingine, umwone kwa haki. Kengele ile unayoipenda, yeye pia alikuwa nayo, miaka 13. Madereva wangapi wa hapa hapa Tanga walikwenda Kongo na Tunduma na hawakurudi, wakaanza nyumba nyingine, wakabadilisha namba? Wake zao unawajua kwa majina. Yeye kila safari alirudi Ngamiani. Nasema hivi bila kumfutia zile siku nane. Yote mawili ni yake.

Upande wa kazi: usiache makomandoo. Wanalipa ada, na wasomaji wako wana haki ya kupata wanachokipenda. Ila simulizi ya kumi iendelee pale unapomalizia siku zote. Nahisi unafunga hadithi mlangoni, amerudi, wamekumbatiana, mwisho. Fungua siku ya pili yake. Mwezi wa pili. Hajui sufuria ziko wapi, hasinzii mpaka mlango uwe na komeo mbili, anawapigia watoto kelele kama kuruta, na mke hana tena wa kumngoja. Hapo una kitabu. Na mwachie kosa moja ambalo amelifanya kwa kupenda mwenyewe, uone kama mwanamke wako anaweza kumpenda asiye na udhuru.

Na hili dogo kabla sijasahau. Kama unaweka picha za jalada, usitumie mtu aliyevaa kombati za Jeshi la Wananchi wala zinazofanana nazo. Mwaka 2023 jeshi lilitoa onyo kwa raia kuhusu mavazi hayo, na sitaki simulizi yako ikuletee wito. Weka picha ya baraza. Wasomaji wako wanalia barazani hata hivyo.

Mwalimu wa hesabu usimfute. Sehemu ya nne ianze saa kumi na robo, baiskeli imeshaegeshwa, amekaa, anamtazama mkewe na hajui aseme nini.

Leo duka likifungwa, mpelekee chai ya tangawizi kwenye lile benchi la mguu wa waya, ukae upande wa pili. Simu muiache ndani.

Shangazi